Kwa Mama Mkwe, Upande wa Pili wa Gunia

Mpendwa Mama Mkwe,

Mimi, mume wa binti yako, ninajileta mbele yako kwa maandishi, kwa kuwa kwa uso sikuwahi kujileta, wala desturi haikuniruhusu. Ninatambua ya kwamba umelala katika udongo mwekundu juu ya mto Ruiru, na ya kwamba hata ulipokuwa hai hukujua kusoma. Mambo hayo mawili hayanizuii. Nimekwisha kuandika barua nyingi kwa watu waliokuwa hai, wenye macho mazima, na hawakuzisoma.

Ninakuandikia kwa Kiswahili, ingawa wewe nami tulisemezana kwa Kikuyu. Uniwie radhi. Kiswahili ndicho nilichojifunza peke yangu, kwa kunakili matangazo yaliyobandikwa nje ya ofisi ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya, mjini Thika, nikiuliza maana ya kila neno kwa yeyote aliyepita na kofia. Ndicho ninachokivaa ninapotaka kusimama wima. Na leo ninataka kusimama wima, kwa sababu ninalo swali, na swali lenyewe linahusu kazi yangu na kazi yako. Mimi huwaandikia watu maombi kwa serikali. Wewe uliomba kwa Mungu. Nimekaa nikizitazama kazi hizi mbili kama mtu atazamavyo mito miwili, asijue ni wapi inapokutana, au kama inakutana.

Unakumbuka, wakati wa Hali ya Hatari, siku tulipotolewa mashambani mwetu na kutiwa sote katika kijiji kimoja, chenye handaki pande zote na vijiti vilivyochongwa ncha. Kila mwenye nguvu alijijengea. Wewe ulikuwa mjane, na Kariuki, mwanao wa pekee wa kiume, alikuwa amekwisha kuchukuliwa kutoka shamba la kahawa alikofanya kazi, akapelekwa kizuizini kwa shitaka la kula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Mkubwa wa walinzi alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akanyoosha fimbo kuelekea kibanda changu. Akasema, "Huyu mama atakaa hapa kwa binti yake."

Naye alikuwa Mkikuyu kama sisi! Alijua vyema ya kuwa mkwe hali chakula mbele ya mama wa mkewe, hamtazami usoni, hatamki jina lake, wala mama hatamki jina la mkwe. Kulala chini ya paa moja hakukuwa hata na jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo. Ulisimama mlangoni na kifurushi chako, ukaivuta shuka mpaka kwenye paji la uso, ukasema kwa sauti iliyomfikia mwenye fimbo:

"Aliyechora kijiji hiki hana wakwe?"

Walinzi wawili walicheka. Mkubwa wao hakucheka, lakini fimbo aliishusha.

Siku iliyofuata nilipata pasi ya kwenda Thika, nikanunua magunia matatu ya katani na kumpelekea Fundi Rajabu, yule Mwislamu mshona nguo niliyekaa naye barazani, yeye na cherehani yake, mimi na kalamu yangu. Alipoisikia haja yangu alivua miwani. "Karani," alisema, "nimeshona kanzu, nimeshona suti za harusi, nimeshona hata hema. Mpaka wa heshima sijawahi kushona. Nifanye pindo la namna gani?" Nilimjibu kwamba pindo lolote litafaa mradi lifike chini. Hakutaka malipo. Alisema atapata malipo yake kwa kuwasimulia watu.

Hivyo ndivyo gunia, pazia la kutugawa, lilivyoingia katika nyumba yetu, nalo likawa mtu wa nne. Asubuhi ya kwanza nilisikia ukikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

"Gunia," ulisema, "mwambie mwenye nyumba kwamba uji uko tayari. Mimi natoka nje ili anywe."

Nilikaa kitako, nikafikiri namna ya kujibu. "Gunia, umweleze Mama ya kwamba ninashukuru kwa unyenyekevu mkubwa."

Wanjiru, mke wangu, alikuwa akipuliza moto. "Ngai! Gunia hili litafanya kazi kuliko mkalimani wa korti," alisema. "Na halilipwi."

Sasa nikufikishe kwenye jambo lenyewe. Kila alfajiri, kabla kipenga cha walinzi hakijalia kuturuhusu kutoka, uliomba kwa sauti. Mimi nilikuwa mbatizwa kama wewe, lakini ubatizo wangu ulikuja pamoja na darasa. Nilitaka kusoma, na mlango wa kusoma ulipitia kanisani. Maombi yangu niliyasema upesi, kama mtu anayesalimu akiwa anapita. Yako nilikuwa sijawahi kuyasikia. Nilisikiliza kwa sikio la fundi, na ninakiri kwamba nilishangazwa na kasoro zake.

Hukutanguliza sifa za unayemwomba. Hukupanga mambo yako, la kwanza, la pili, la tatu. Ulianza popote. "Baba, jana tulikula viazi bila chumvi. Silalamiki, nakuarifu tu." Kisha ukaeleza kuhusu handaki mlilochimba, kwamba mgongo unauma upande wa kushoto, kwamba mke wa mkubwa wa walinzi amejifungua salama na amshukuru nani kama si Yeye. Kisha Kariuki. Ulipofika kwa Kariuki sauti yako haikupanda wala kushuka, ila maneno yalipungua. "Huyu nirudishie." Basi. Hapakuwa na sababu, hapakuwa na ushahidi, hapakuwa na ahadi ya tabia njema. Mimi ningeweza kukuandalia hoja nane.

Na mwisho kabisa: "Na huyu wa upande wa pili wa gunia. Unamjua."

Nililala pale chali nikitafakari. Katika ombi lolote, mtu anayeombewa hutajwa jina lake, la baba yake, kijiji chake na namba ya kipande chake cha utambulisho. Ni kweli kwamba jina langu hukuweza kulitamka. Lakini je, Kenya nzima, watu wangapi walikuwa upande wa pili wa gunia? Ningependa kujua, Mama, kama ulikuwa na hofu kwamba baraka zangu zingepelekwa kwa mtu mwingine.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nilisema, "Gunia, umwulize Mama: anajuaje ya kwamba ombi lake limepokelewa? Ofisini hupigwa muhuri."

Nilisikia ukikunja shuka yako. "Gunia, mwambie sijui. Kesho naomba tena."

Nikakujibu kwamba ombi la pili ni sharti lilitaje la kwanza, lisije likaonekana jipya. Ukacheka, cheko lile lako la puani. Ukauliza, "Na yeye barua zake huzianzaje?" Nikakusomea kwa fahari: "Mimi niliyeweka kidole changu hapa chini, kwa heshima na taadhima, ninaomba." Uliyarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayeonja mboga ya kwa jirani. Na alfajiri iliyofuata tulisikia kutoka upande wako, "Baba, mimi niliyeweka kidole hapa chini, kwa heshima na taadhima, viazi vimekwisha." Wanjiru alijiziba mdomo kwa blanketi. Mimi sikucheka. Nilijiona nimeheshimiwa mahali pa juu sana.

Isidhaniwe kwamba siku zile zilikuwa za kucheka. Waliokuwa msituni walisema kwamba kila aombaye katika jina la Kristo ni wa serikali. Serikali ilisema kwamba kila mwenye mwana kizuizini ni wa msitu. Nilikuwa nikijiuliza, ukienda kuteka maji, ukimsalimu huyu na yule, wewe wa wapi? Kanisani watu walikaa mbali mbali, kila mmoja akiogopa kuonekana karibu na mwenzake. Wewe uliketi katikati ya benchi lililokuwa tupu, ukaimba kwa sauti yako iliyokuwa, nisamehe, si nzuri.

Kisha ikavuma habari kwamba ofisi inapokea maombi kutoka kwa wazazi wa waliozuiliwa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kama ngoma kwa mchezaji. Nilikaa barazani siku nzima nikaliandika ombi lako, na sidhani kwamba nimepata kuandika bora kuliko lile. Jumapili baada ya ibada nililileta nyumbani. Wanjiru alikuwa na kikopo cha wino. Kwa kuwa hukuweza kuja upande wangu, ulikaa umeligeuzia gunia mgongo, ukaupitisha mkono wako chini ya pindo la Fundi Rajabu, na Wanjiru akakipaka kidole gumba wino mweusi. Mkono ule ndio sehemu yako niliyoijua zaidi. Ulikuwa na kovu la kisu cha kupogolea kahawa.

Kwa mujibu wa utaratibu, nilikusomea kwanza. Nilisoma vizuri. Nilifika mahali palipoandikwa, "mwanangu huyo hakula kiapo chochote, wala hakuonekana mahali pa kiapo, wala hajui kiapo ni kitu gani." Mkono ukasimama hewani.

"Gunia, arudie hapo."

Nikarudia.

"Alikula," ulisema. "Aliniambia mwenyewe, pale kwenye mashine ya kuoshea kahawa, maji yakipiga kelele ili watu wasisikie. Alikuwa analia."

"Mama," Wanjiru alisema, "sisi sote tunajua alikula. Nani hakula? Weka kidole."

"Hapo panasema hakula."

"Ni neno moja tu, Mama!"

"Kama ni moja tu, liondoeni."

"Likiondolewa harudi! Unataka afie huko ili wewe uende mbinguni na kidole safi?"

Nilitamani gunia lile liwe ukuta wa mawe. Kisha ulisema, taratibu sana, "Wewe ulimbeba mgongoni, Wanjiru. Mimi nilimbeba tumboni. Unafikiri sitaki?" Kidole kilibaki juu ya karatasi. Wino ulikuwa unakaribia kudondoka. Ukakigeuza, ukakifuta kwenye gunia, na alama yake ikabaki pale, nyeusi, kama punje ya buni iliyokaangwa ikaungua.

Hapo nilikuelezea, bila kupitia kwa gunia, maana nilikuwa nimesahau adabu, kwamba njia ni mbili. Kukana, au kukiri. Ukikana, huenda wakamwachilia. Ukikiri kwa niaba yake, umemfunga kwa mkono wako mwenyewe.

"Hakuna barua ya tatu?" uliuliza.

"Mama, ombi lisilo na hoja halisimami."

"Mimi huomba hivyo kila siku. Sijampa Mungu hoja hata moja."

Nilichukua karatasi nyingine na kuandika ulichoniambia, na ninakinakili hapa kwa ukumbusho: "Mimi ni mjane. Kuhusu kosa la mwanangu sina la kukana wala la kuthibitisha. Ninalolijua ni kwamba ni mwanangu, na ninaomba arudi. Nimeweka kidole changu hapa chini." Maneno "kwa heshima na taadhima" niliyaongeza mimi, kwa kuwa sikuweza kuyaacha nje. Mkono ukarudi chini ya pindo, na kidole kikashuka moja kwa moja.

Nilimsomea Fundi Rajabu ombi hilo kabla ya kulipeleka. Nilitarajia mzaha. Alisimamisha cherehani, akasema, "Hii si barua, Karani. Hii ni mtu amesimama mlangoni." Ofisini, karani wa dirishani alilipindua kutafuta upande wa nyuma. "Hoja iko wapi?" aliuliza. Nikamwambia, kwa sauti ambayo ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka, kwamba hoja zote zimo.

Masika yale yote Wanjiru hakusema nawe. Uliendelea kutuma salamu. "Gunia, mwambie binti yangu nimemwachia kiazi kikubwa." Kiazi alikila, jibu hakutoa. Na alfajiri nilisikia ukimtaja mbele za Mungu: "Na Wanjiru, ambaye ana haki ya kunikasirikia." Nilimtazama mke wangu gizani nikajua naye amesikia, kwa sababu alikuwa amezuia pumzi. Ni yeye aliyekuja kukusugua mgongo kwa mafuta, baridi ya Julai ilipokuingia kifuani. Hakuomba msamaha, nawe hukumwomba. Mlizungumza kuhusu bei ya mafuta.

Kikohozi hakikwisha. Siku ya mwisho, adhuhuri, Wanjiru akiwa mtoni, uliniita. Hukuliita gunia. Uliishika kona yake kwa vidole vyako, ukainua, ukanitazama. Miaka yote ile, na sikujua kwamba jicho lako moja lilikuwa la rangi hafifu kuliko la pili.

"Jibu limekuja?" uliuliza.

Mama, nilikuwa na maneno tayari. Mimi ni mtu wa maneno. Ningeweza kusema limekuja, limepigwa muhuri, Kariuki yuko njiani, na ungefumba macho ukitabasamu, na ni nani angenilaumu? Lakini niliiona ile alama ya wino karibu na mkono wako.

"Halijaja, Mama."

Uliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa kipimo kamili. "Basi," ulisema, "kesho utaomba wewe." Ukaiachilia kona ya gunia.

Nikaomba. Alfajiri iliyofuata hukuwepo tena, na nyumba ilikuwa na kimya ambacho hata walinzi nje walikisikia. Nilianza kwa utaratibu, nikatanguliza sifa zote stahili, nikaorodhesha. Wanjiru aliniacha nikafika mbali, kisha akasema, "Mwarifu tu kwamba Mama amefika." Nikamwarifu.

Sasa ndiyo habari yenyewe. Kariuki amerudi.

Alikuja wakati wa kuchuma kahawa, vijiti vya handaki vikiwa vimekwisha kung'olewa na watu kuvifanya kuni. Alishuka kwenye lori barabarani akatembea mpaka kibandani, amekonda, na koti lisilo lake. Alikuuliza kabla ya kukaa. Wanjiru alimpeleka juu ya mto, nami sikuwafuata.

Jioni alipokuwa amekula nilimwuliza kama aliitwa kuhusu barua yako. Nilitaka sana kujua. Alisema hajapata kusikia habari za barua yoyote. Siku moja majina yalisomwa, lake likawemo, wakapandishwa lori. Hakuna aliyetoa sababu. Ndipo akaniambia jambo hili, akilitazama gunia wala si mimi.

"Kule kulikuwa na bwana mmoja wa kuhoji watu," alisema. "Alikuwa anakuja na karatasi. Akakuambia, ona, mama yako amekukana, amesema wewe si mtoto wake tena, na kidole chake hiki hapa. Wengine walilia usiku na mchana. Kuna mmoja alijinyima chakula mpaka akafa. Mimi akaniletea yangu. Kidole kabisa, cheusi."

"Nawe?"

"Nilicheka. Nilipigwa kwa sababu ya kile kicheko. Lakini ningefanyaje? Mama yangu kuweka kidole kwenye uongo?"

Wanjiru aliinuka akatoka nje. Nilimsikia akilia karibu na kuni, naye alipokuwa akirudi alikuwa akipangusa uso kwa mgongo wa mkono, akasema moshi umezidi. Moto ulikuwa umezimika. Kariuki alikuwa amekwisha kuiona ile alama. Alisogea, akauliza hiki ni nini, na dada yake akamweleza yote, hata neno lile alilokuambia kuhusu mbinguni na kidole safi. Hakuruka kitu. Kariuki akaweka kidole gumba chake juu ya alama yako. Chake ni kikubwa zaidi. Aliketi hivyo, mkono ukiwa umeinuliwa, mpaka ukamchosha.

Sasa, Mama Mkwe, swali langu. Je, ombi lako lilipokelewa? Nimeligeuza kila upande. Serikali haikulijibu. Karatasi ile huenda iliwashia mtu jiko la chai. Na bado, kama ungeiweka alama yako chini ya barua yangu nzuri, huenda mwanao angerudi mapema. Au huenda, siku alipoletewa karatasi ile nyingine, asingekuwa na kitu cha kuchekea. Ulijua? Au hukujua, na ukaomba tu tena kesho yake? Ninauliza si kwa kubishana. Ninauliza kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake jinsi alivyoliunga jambo ambalo kwa macho halina kiungo.

Tumepewa kiwanja upande wa Ruiru, na nyumba mpya ina kuta na mlango. Wanjiru alitaka gunia alitie viazi. Kariuki na mimi tulisema la, kwa pamoja, na ndilo jambo la kwanza tuliloafikiana. Linaning'inia chumbani, halitenganishi chochote. Fundi Rajabu alipokuja kututembelea aliliangalia pindo lake akasema limedumu kuliko Hali ya Hatari yenyewe.

Alfajiri ninaomba. Bado ninatanguliza taadhima. Wanjiru ameacha kunizuia. Ninaarifu kuhusu viazi, na chumvi, ambayo sasa ipo. Na mwisho ninasema, "Na huyu wa upande wa pili wa gunia. Unamjua." Mchungaji ameniambia ya kwamba haifai kuwaombea waliolala. Nimemjibu kwa heshima kwamba sikuombei. Nakutaja tu.

Sijui kama inafika. Kesho nitaomba tena.

Nimeweka kidole changu hapa chini, ingawa kuandika ninajua,

Mkwe wako.